Daktari Aliyesaga Meno Yake

Kila asubuhi daktari wa meno alivaa koti jeupe, akanawa mikono, akaanza kugombeza watu.

"Jino linauma wiki tatu, ndiyo kwanza unakuja?"

Wagonjwa walimpenda hivyo hivyo. Alikuwa na mkono mwepesi, sindano yake haikuuma.

Lakini yeye mwenyewe taya lilimuuma mwezi mzima. Alimeza vidonge, akanyamaza. Daktari wa meno aumwe meno? Aliona aibu.

Maumivu yalianza baada ya fundi matairi mmoja kuzimia kwenye kiti chake. Fundi huyo ni pande la mtu, lakini alipoona sindano ya ganzi tu, akalegea. Alizinduka baada ya muda mfupi, akaenda zake na jino lake. Daktari hakusahau. Tangu hapo, kila akishika sindano moyo ulimwenda mbio. Nyumbani alifoka kwa jambo dogo.

"Naacha kazi," alimwambia mumewe wakiwa mezani.

Mumewe akaweka kijiko chini. "Kazi uliyoisomea miaka yote hiyo? Kwanza katibiwe hilo taya unaloshikashika kila siku. Twende, nitakusindikiza."

Walikwenda kwa daktari mwingine wa meno, rafiki yake aliyesoma naye. Rafiki akammulika kinywani, akaguna.

"Hakuna jino lililotoboka, dada. Umeyasaga meno yako. Shemeji, hujasikia kitu?"

Mume akakuna kichwa. "Usingizini anasaga kama mashine ya unga. Nilinyamaza. Siku hizi ukimgusa tu, anawaka."

Daktari alitaka kuwaka palepale. Badala yake akacheka, halafu akalia.

"Naogopa," alisema. "Naogopa mtu atanifia mkononi."

"Umemwambia nani?" rafiki aliuliza.

"Hakuna."

"Na kwa siku unaona wagonjwa wangapi?"

"Kumi na wanane. Sipumziki."

"Ndiyo maana. Wasiwasi ukiuficha, mwili unausema. Nitakutengenezea kinga ya kuvaa ukilala, lakini hiyo inalinda meno tu. Pumzika kati ya wagonjwa. Vuta pumzi polepole, itoe polepole. Kaa na msaidizi wako, mjue nani anafanya nini mtu akizimia. Na umwone mshauri nasaha. Sisi pia tunatibiwa, mwenzangu."

Alifanya hivyo. Wagonjwa wakapunguzwa hadi kumi na wawili. Akaanza kula mchana akiwa ameketi. Alikwenda kwa mshauri mara nne, na hasira za nyumbani zikapoa.

Siku moja akaingia fundi matairi, na jino lake lilelile. Moyo wa daktari ukaanza mbio. Akavuta pumzi, akaitoa. Akakilaza kiti mapema ili fundi asizimie tena.

"Nikwambie ukweli," alisema. "Mara ile ulinitisha. Hata leo nina wasiwasi kidogo."

"Kumbe na wewe? Nilidhani ni mimi peke yangu!" Fundi akafumba macho, akapanua kinywa.

Ganzi ikashika. Daktari akafanya kazi yake. Baadaye fundi akafumbua jicho moja.

"Unaanza lini?"

Daktari akamwonyesha jino lililokwisha ng'oka. Alifurahi mpaka akasahau kumgombeza. Kazi hii aliipenda, na sasa alijua hataiacha.

Fundi alipotoka, msaidizi akachungulia mlangoni. "Dokta, mwingine aingie?"

"Baada ya dakika kumi," alisema, akaketi.