Ndege wa Upande wa Kulia

Jumamosi hiyo soko la vipuri vya zamani lilikuwa limejaa watu pomoni, na kila muuzaji alipiga kelele kuliko injini aliyokuwa akiiuza. Katikati ya marundo ya rejeta na milango isiyo na magari, dada mmoja aliyevaa dangirizi la bluu na kilemba chekundu alichutama, akapenyeza mkono chini ya mabati, akashika ukingo wa kitu cha mviringo. Akavuta. Kitu kikavutwa upande wa pili.

"Kaka, achia," alisema bila kuinua kichwa.

"Mimi ndiye niliyeshika kwanza, dada yangu."

"Kwa mkono gani? Huo wenye grisi?"

"Wenye grisi ndio wenye kazi."

Akainua kichwa. Mwanaume mrefu, ovaroli imekunjwa hadi kwenye viwiko, tabasamu la mtu asiyezoea kunyimwa. Uzuri alikuwa nao, na ubaya ni kwamba alijijua.

Walichokuwa wakigombania ni kava la tairi la akiba, lile la bati ambalo magari ya zamani hulivalisha tairi lililokaa ubavuni, kwenye madigadi, lisiungue na jua. Lilikuwa limebonyea na kuliwa na kutu. Lakini katikati yake palikuwa na ndege wa kijani, rangi imefifia, anatazama kushoto, na kila bawa limechorwa kwa mikato mitatu ya brashi.

Mikato ile dada aliijua tangu utotoni, tangu akimshikia baba yake kopo la rangi. Marehemu baba alichora makava maisha yake yote, na yote yaliondoka na magari ya wateja. Nyumbani hakikubaki hata kitu kimoja alichokigusa kwa brashi. Tangu wamzike, binti yake alikuwa akipekua kila rundo la chuma mjini akitafuta moja tu.

Sasa amelipata, na akafanya nini? Akakunja uso kama mtu aliyenusa samaki aliyeoza. Ndivyo soko lilivyomlea. Ukipenda kitu usikionyeshe uso wa kupenda. Muuzaji akiona macho yameng'aa, umekwisha.

"Bati bovu tu hili," alisema. "Nataka la kujaribia rangi."

"Mimi nina gari la mteja linalisubiri. Nikikuachia utanipa nini?"

"Shukrani."

"Shukrani haifuniki tairi."

"Basi nitakushonea la turubai, nilichore maua mpaka mteja wako asahau mambo ya bati. Ndiyo kazi yangu."

"Na namba ya simu?"

"Ya kazi au ya umbea?"

"Ya kazi. Umbea utakuja wenyewe."

Mama muuzaji, aliyekaa chini ya mwavuli na kuyasikia yote, alichoka. "Nunueni au oaneni, mnanizibia wateja!"

Dada akalilipia bati lake, kaka akaondoka na ahadi ya turubai na namba ya simu. Umbea ulikuja, tena haraka. Mwanaume alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari ya kale, na karakana nzima ilimwita Nyundo. Yeye akambatiza dada jina la Brashi. Mteja wa kwanza alilipenda kava la maua akawaleta wenzake. Nyundo akawa analeta vipimo vya matairi, Brashi anashona na kuchora: mawimbi, malimau, hata sura ya mke wa mteja mmoja, ambaye alilirudisha kava akitaka shingo iongezwe urefu.

"Brashi, umeamka?" Nyundo alikuwa akimpigia simu kila asubuhi.

"Nimeamshwa."

"Umeniota?"

"Nimeota turubai."

"Nilikuwa nimelivaa?"

Jioni walikaa karakanani kwenye kiti cha nyuma cha gari ambacho Nyundo alikigeuza kochi, wakila karanga kutoka mfuko mmoja. "Hivi unanipenda, mama?" Nyundo alikuwa akiuliza.

"Si mbaya."

"Loo! Hata gari lisilo na injini husifiwa kuliko hivyo."

Brashi alicheka tu. Ukweli ni kwamba alimpenda mpaka alikuwa akikosea kukata kitambaa. Lakini ulimi wake ulikuwa ule ule wa sokoni, umezoea kushusha thamani ya kila anachokitaka.

Siku moja akampelekea Nyundo lile kava la ndege. "Ninyooshee hapa palipobonyea."

"Basi?"

"Basi. Ni bati la kawaida."

Na fundi wa bodi anapopenda hufanya nini? Nyundo alilinyoosha. Kisha akaona aibu kumrudishia mpenzi wake bati lenye kutu. Akalipiga msasa likawa jeupe, akalipuliza rangi nyeusi safu juu ya safu, akaling'arisha mpaka ukaweza kuchania nywele mbele yake. Akampigia simu: "Njoo, na uvae vizuri."

Brashi alikuja na gauni la zambarau na hereni ndefu, akidhani ni pete. Nyundo akamfumba macho kwa viganja, akamsogeza, akaachia.

Brashi aliuona uso wake kwenye bati jeusi. Ndege hakuwepo.

"Vipi?" Nyundo aliuliza, amejaa furaha.

"Si mbaya," alisema Brashi, akageuka, akatoka. Machozi hayakumtoka mpaka alipovuka barabara.

Hakupokea simu mpaka kesho yake.

"Brashi, nimekukosea nini?"

"Umemfuta."

"Nani?"

"Yule ndege alichorwa na baba yangu! Ndicho kitu pekee cha mkono wake nilichokuwa nacho, nawe umekipiga msasa!"

Nyundo akashusha sauti: "Mbona hukuniambia?"

"Ulipaswa kujua."

"Ningejuaje? Uliniambia bati la kawaida."

Brashi akakata simu.

Tangu hapo simu ikanyamaza, na Brashi aliyeitaka inyamaze akawa anaiangalia kila anapochovya brashi. Mama yake alimvumilia, mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Ulimwambia kwamba ni la baba yako?"

"Hapana, mama."

"Ulimwambia unampenda?"

"Anajua."

"Nani kampa taarifa? Mwanangu, mimi nilimwambia baba yako ninachokitaka kabla hajavua kofia. Wewe unamfanyia mwanaume wa watu mnada wa kimyakimya, halafu unalia umeshindwa!"

Brashi alinyanyua simu akairudisha. Alikuwa na haya, na haya yake ilikuwa kubwa kuliko hasira.

Alasiri moja, mlango wa chumba chake cha kushonea ukajaa mtu. Nyundo, ovaroli imejaa vumbi, amekumbatia kitu kwenye gunia.

"Usinifukuze kwanza," alisema. "Ndege wako alikuwa anatazama kushoto, sivyo? Nilimwangalia kabla sijaharibu. Kava lile ni la ubavu wa kushoto. Ndege anatazama gari linakokwenda. Magari yale yalibeba matairi mawili ya akiba, moja kila upande. Nikasema, baba yake hakuchora ndege mmoja."

Akafungua gunia. Kava la bati, limebonyea, lina madoa ya chokaa, na katikati ndege wa kijani anatazama kulia. Mikato mitatu kila bawa.

"Lilikuwa linafunika pipa la maji kwa mwalimu mmoja mstaafu. Nilimuuliza yule mama muuzaji kava lilitoka gari gani, nikazunguka gereji zote mpaka nikampata yeye, aliyelinunua gari lile. Mwalimu nimemtengenezea mfuniko mwingine, wenye mkono wa kushikia. Hili sijalinyoosha. Sijalipangusa hata vumbi. Njiani niliogopa hata kupiga chafya."

Brashi aliweka kidole kwenye bawa. Ulimi ukaanza kazi yake ya kila siku. "Si m..."

Akajizuia. Akamtazama yule mwanaume mwenye vumbi mpaka kwenye kope.

"Nalitaka," alisema. "Nimelitafuta miaka yote. Na wewe nakutaka. Nakupenda, Nyundo, nakupenda vibaya sana, na nataka unioe. Sipunguzi hata kidogo."

Nyundo akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kopo la rangi. "Brashi, nani kakuambia nataka upunguze?"

"Basi jibu."

"Ndiyo. Nakuoa hata leo, wacha ninawe uso."

Wakacheka, wakakumbatiana, vumbi la mwalimu mstaafu likawapaka wote wawili, isipokuwa kava, ambalo Nyundo alilisogeza kando kwanza.

"Lile jeusi liko wapi?" Brashi aliuliza akifuta machozi.

"Garini. Sikuwa na moyo wa kulitupa."

"Lilete."

Brashi akaliegemeza kushoto kwa lile la zamani, akachanganya kijani, akashusha pumzi. Ndege wa kushoto akaanza kutoka kwenye weusi, kichwa, kisha kifua, kisha bawa kwa mikato mitatu. Akarudi nyuma, akawatazama ndege wawili waliopeana migongo, kila mmoja kwenye ubavu wake.

"Unaonaje?"

Nyundo alikunja uso, akainamisha kichwa huku na huku kama mnunuzi mgumu. "Si mbaya," alisema.

Brashi akampaka rangi ya kijani puani.