Sabuni Ndani ya Kichujio

— Onja na hili la mwisho, kisha utoe hukumu. Muuzaji naye ana kwao.

Mumewe alikipokea kikombe kwa taadhima ya jaji. Mtaa mzima walimwita Pua, na jina lilikuwa halali yake: alikuwa mwonjaji kwenye kampuni ya kusafirisha kahawa, na kwa miaka kumi na moja hakuna gunia lililopakiwa kabla hajalinusa. Watu waliiheshimu pua hiyo kuliko mwenyewe.

Walikuja dukani kutafuta birika la Kifaransa, lile lenye kichujio cha kusukuma chini. Kwa miezi mitatu Pua alikuwa akiiacha kahawa ya nyumbani ipoe mezani, na akiulizwa anasema birika lao bovu. Mkewe, dobi wa hospitali, mwanamke asiyeruhusu tatizo lilale kwake mara mbili, akasema basi, Jumamosi tunakwenda kununua la maana.

Birika masikini halikuwa na kosa. Miezi mitatu nyuma Pua aliugua homa, na homa ilipoaga iliondoka na pua yake. Hakunusa tena kahawa, wala chungu kinachoungua, wala soksi zake mwenyewe. Kazini akabaki kuigiza: anavuta kijiko kwa mlio uleule, anatema, anafumba macho, anatamka sifa za zamani. Ndivyo alivyopitisha shehena iliyonuka mafuta ya taa. Wanunuzi walipoirudisha, alimwambia meneja kwamba alipoionja ilikuwa safi, hivyo lazima iliharibikia ghalani. Mtunza ghala akafukuzwa siku hiyohiyo.

Mtunza ghala alikuwa kaka wa mkewe, tumbo moja.

Mbele ya mabirika matatu, hata hivyo, Pua alitamba kwa haki, maana ulimi wake bado uliyajua mashapo. La kwanza alilikataa: kichujio kilegevu, kahawa inaacha tope kwenye meno. La pili kioo chembamba, kinywaji kinapoa kabla hamjasalimiana. La tatu lilikuwa la chuma, kuta mbili, kichujio kimebana na kinafunguka vipandevipande kuoshwa. Akavuta funda, akafumba macho.

— Hili. Kahawa safi, haina doa.

Mkewe alichukua kikombe, akakisogeza mdomoni, akakirudisha mezani bila kunywa.

— Onja tena.

— Nimeshaonja, mama.

— Onja tena, baba.

Akaonja. Akasema ni safi kuliko mwanzo. Muuzaji naye akajimiminia kidogo, akanusa, akakunja uso, akaanza kuomba radhi. Asubuhi ile aliliosha lile birika la maonyesho bila kukifungua kichujio, na sabuni ilikuwa imebaki katikati ya nyavu.

— Sabuni ya ndimu, mkewe alisema. Nafulia mashuka kwa sabuni hii kila siku. Mimi dobi nimeinusa kabla kikombe hakijafika mdomoni. Wewe, Pua, umeiita safi mara mbili.

Wakatoka bila birika. Kando ya barabara mkewe aliuliza tangu lini, naye akajibu tangu homa. Mkewe akaipanga miezi kichwani.

— Homa ilitangulia. Mafuta ya taa yakafuata.

Hapo Pua alifunguka kama gunia lililochanika. Daktari alisema huenda pua ikarudi. Nani angemweka mwonjaji asiyenusa. Alikusudia kusema, siku tu ilikuwa haijafika. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mtoto anayeapa hakuigusa sukari huku midomo inametameta.

— Kaka yangu anapakia mchanga kwenye malori. Kila Jumapili anakula kwetu, na wewe unamsogezea bakuli ukimwambia, vumilia, shemeji. Mpigie. Weka sauti nje, nami nisikie.

Simu iliita mara nne. Ilipopokelewa, makoleo yalisikika yakikwaruza mchanga.

— Shemeji, nina neno. Ile shehena sikuinusa. Pua yangu ilikuwa imekufa. Kosa lilikuwa langu, nikakutupia wewe.

Makoleo yakaendelea kidogo, kisha moja likanyamaza.

— Najua, shemeji.

— Unajua?

— Magunia yaliporudi, madereva walijifunika nyuso kwa mashati. Wewe ulichomeka kichwa ndani ya gunia ukatoka hata chozi huna. Nikajua palepale.

— Mbona hukusema kwa meneja?

— Ningesema ungefukuzwa wewe, na wewe ndiye unayemlisha dada yangu. Mimi sina mke. Nikaona bora nianguke mimi mwenye mwili mmoja. Ila kila Jumapili nilipokuwa nakuja, sikufuata chakula. Nilikuja kusubiri useme.

Hakujua dada yake anasikia. Dada mtu alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa mtandio. Alipouondoa alisema maneno machache tu: Jumatatu mumewe ataingia kwa meneja, na yeye atakaa benchi la nje. Akitoka bila kusema, asimtafute.

Jumatatu mkewe alikaa benchi la nje, mgongo umenyooka, mkoba juu ya magoti. Ndani, meneja hakupandisha sauti. Alimwambia Pua aache kijiko cha kuonjea na funguo juu ya meza, kisha akamsimamisha palepale huku akiandika barua ya kumrudisha mtunza ghala, polepole, kwa mwandiko mzuri. Pua akatoka mikono mitupu.

— Umesema?

— Nimesema.

— Na kaka?

— Anaanza kesho.

Mkewe akainuka, akakung'uta gauni. Pua, kwa mazoea ya miaka, akamnyooshea mkono. Mkewe aliutazama kwa muda, bila hasira.

— Twende nyumbani, alisema. Ila mkono wako, leo, utembee peke yake.