Msumeno Nao Hula

Kila alasiri, binti wa fundi seremala alivua sare ya shule, akashika ufagio na kuingia karakanani. Alifagia maranda na kupanga mabaki ya mbao. Kila ubao uliobaki uliandikwa urefu wake ukutani kwa chaki, na baba yake hakukubali kazi kabla ya kuutazama ukuta huo.

Jumamosi moja, baba akiwa uani anapaka vanishi, binti aliamua kumtengenezea mdogo wake kigoda. Akachukua ubao mrefu wa mwisho, akaugawa sawasawa kwa penseli, akakata. Kipande cha mwisho kikawa kifupi. Alikuwa amesahau utani wa baba: "Msumeno nao una njaa. Kila ukikata, unakula kidogo." Akavificha vipande vyote chini ya gunia la maranda. Ukutani hakufuta kitu.

Kesho yake, Jumapili, maduka ya mbao yalikuwa yamefungwa. Asubuhi, jirani yao alikuja, kofia mkononi. Kitinda mimba wake alikuwa amefariki, na maziko yalikuwa jioni ile. Baba alimpa pole, akautazama ukuta, akamwahidi kuwa mbao za jeneza zilitosha.

Jirani akaketi kwenye benchi kusubiri, macho chini. Baba aliunganisha sanduku, kisha akaenda kuchukua ubao wa kifuniko. Haukuwepo. Akatafuta nyuma ya mlango, akatafuta chini ya meza. Binti aliweka ufagio chini.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "ukuta unasema uongo. Ubao niliukata mimi."

Baba hakumgombeza. Aliomba vipande tu. Wakavipiga randa kingo, wakavipaka gundi, wakavibana ubavu kwa ubavu. Binti alishikilia hadi mikono ikafa ganzi.

Kifuniko kilipokamilika, jirani alikipapasa taratibu, wala vidole vyake havikukwama popote. "Asante, fundi," alisema, akalichukua jeneza.

Walipobaki wawili, baba alimpa binti chaki.

"Kukosea kipimo si ajabu, mwanangu. Hata mimi msumeno umenilia mbao nyingi. Lakini ulipoficha, ulinifanya nimwahidi mfiwa mbao tusizokuwa nazo. Kosa lisemwe mapema, likiwa bado linatengenezeka."

Binti akafuta namba ya zamani. Mahali pake akaandika: Umekwisha. Niliukata vibaya mimi.

Baba alisoma, akaitikia kwa kichwa, akamrudishia ufagio wake.