Ukuta Ulioomba Maji

Chumba kipya cha mama kilianza na kasoro ndogo: ukuta wa nyuma haukushika unyevu. Fundi matofali, mwanawe wa mwisho, aliumwagilia kila asubuhi, na kabla ya adhuhuri ulikuwa mkavu, una joto kama mgongo wa mgonjwa.

"Tofali la majivu ni tumbo la mlevi," alimtania mkewe. "Halishibi mapema."

Majivu aliyapata kiwandani, akapunguza saruji kwa theluthi. Mkuu wa kiwanda alijisifu kwamba kwake hakitupwi kitu. Kweli hakikutupwa. Miezi minne nyuma, kaka wa fundi, aliyefanya kazi humo, alitumbukia katika tanuru lililotoa majivu hayo, na familia ikapewa pole bila maiti ya kuzika.

Siku ya kumi na mbili mkewe alimjia mbio.

"Baba watoto," alinong'ona, "mama anaupa ukuta maji yake ya kunywa. Midomo imempasuka. Anasema mwanawe ana kiu."

Wakaenda. Harufu ya chuma cha moto iliwapokea mlangoni, mchana kweupe, na mama alikuwa ameegemeza shavu ukutani, kikombe kitupu mapajani, huku ndani ya matofali kitu kikikwaruza, kikipumua, kikikwaruza tena, mpaka sauti kavu ikasema, "Maji, mama," naye akatabasamu kama aliyefikiwa na mgeni wa siku nyingi.

Mganga akaitwa.

"Ni jini la moto, limevaa sauti ya marehemu," alisema chinichini. "Litamkausha huyu bibi. Mtoeni, kisha vunjeni ukuta."

"Jini, haya," mama akamjibu. "Lakini linaniita mama. Nyie mmenipa nini? Hata kaburi sina."

Mganga akasoma dua hadi jasho likamchuruzika. Mkwaruzo ukakoma. Fundi akambeba mama hadi uani, mwepesi kama mfuko mtupu wa saruji, akarudi peke yake na nyundo.

Alipoiinua, ukuta ukanong'ona:

"Mdogo wangu, ulipochekecha majivu uliikuta bizimu ya mkanda wangu. Mbona uliitupa?"

Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

"Anasemaje?" mama aliita kutoka uani.

"Hasemi kitu, mama."

Akailaza nyundo sakafuni polepole, akaenda kuchota maji.