Springi ya Nyuma Kushoto

Jua lilikuwa linazama nilipokwenda kuchukua gari langu kwa fundi Salmini, pale Kambarage. Shughuli yenyewe ndogo tu. Nikague kazi, nichukue ufunguo, niwahi kwa mama nikale.

Gari ni Celica nyekundu ya zamani, ya milango miwili. Ilikuwa ya kaka yangu Maige. Hapa Shinyanga kila mwenye gari analinyanyua, anaweka spesa lipande juu, lisisugue tumbo kwenye makorongo. Mimi nikasema langu lishuke. Rimu pana za aloi, matairi mapya, shokapu ngumu, springi fupi. Watu walinicheka mpaka wakachoka. Mwanamke, tena msusi wa nywele, anashusha gari! Wacheke. Maige alikuwa akiliota hivyo gari lake, akafa hajaliona, nami niliapa kulimalizia.

Alifia Geita, kwenye duara la baba yetu mdogo, mzee Ndaki. Duara ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo. Liliporomoka likamfunika Maige na wenzake wa shifti moja. Majeneza yalikuja yamepigiliwa misumari, tukaambiwa tusifungue, hawatazamiki. Tukazika. Ndaki akafukua palepale akaendelea na kazi. Tangu hapo hajaajiri mtu hata mmoja, na dhahabu inatoka. Wenyeji wanasema karasha lake, ile mashine ya kusaga mawe, huanza kunguruma giza likiingia, na hakuna anayeonekana akililisha. Wanayasema kwa kunong'ona, wakiangalia nyuma.

Siku ya kuanua matanga Ndaki alikuja kwetu na neno moja tu. Anaitaka Celica. Nikamjibu anizike na mimi kwanza.

Basi, jioni hiyo Salmini hakunipa ufunguo.

"Dada Mbuke, njoo uone kitu."

Springi za zamani zilikuwa zimelala sakafuni, zimeoza kwa kutu. Kwenye ile ya nyuma kushoto, katikati ya mizunguko yake, palifungwa kifurushi cha kitambaa cheusi. Kimekazwa kwa waya wa shaba. Ukubwa wake kama yai la kuku.

"Mimi sijakigusa," alisema, sauti imeshuka. "Nimeishika springi kwa koleo. Hilo ni zindiko."

Nilijua limetoka wapi. Kwetu huku mtu akinunua gari halali usingizi mpaka alizindike, lisiibiwe, lisipinduke, wenye kijicho wasiliweze. Maige alipoileta Celica, baba mdogo alimwambia, "Niachie usiku mmoja, mwanangu, nikuzindikie." Maige akamwachia. Nani angemkatalia mdogo wa baba yake? Kikulacho ki nguoni mwako. Haukupita muda, duara likamla.

"Nipe koleo," nikasema.

"Dada, tumtafute kwanza mtu anayejua mambo haya..."

"Nipe koleo, fundi."

Alikuwa na jiko la mkaa la kuchemshia chai. Nikakikata kifurushi kwenye springi, nikakitupia humo. Hakikuwaka. Kilijikunja kwanza, kikajinyoosha, kama mtu anayeamshwa. Halafu kikashika moto, ikatoka harufu ya nywele zinazoungua. Baada yake ikaja harufu nyingine... udongo mbichi na baruti. Ndiyo harufu ya nguo za Maige alipokuwa akirudi nyumbani kupumzika. Machozi yalinilengalenga, nami nikazidi kukasirika.

Salmini akamalizia kazi yake haraka. Alipachika vidole kati ya tairi na fenda, gurudumu moja baada ya jingine. Vidole vitatu mbele. Vidole vitatu nyuma.

"Limekaa sawasawa. Nenda nyumbani, dada. Usisimame njiani."

Sikufika hata barabara ya lami.

Kacha.

Kiti cha abiria cha mbele kiliinama chenyewe. Kwenye gari la milango miwili ndivyo kinavyoinama mtu akitaka kupita kwenda nyuma. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilikuwa peke yangu. Gari likaanza kushuka kwa nyuma, upande wa kushoto, polepole... tiii... kisha kiti kikarudi mahali pake.

Udongo mbichi. Baruti.

Niliangalia kwenye kioo. Hakuna mtu. Lakini godoro la kiti cha nyuma lilikuwa limebonyea.

Niligeuza gari nikarudi kwa Salmini. Alipima tena bila kuniuliza. Vidole vitatu. Vitatu. Vitatu. Nyuma kushoto, kidole kimoja. Akashika fenda kwa mikono miwili akanyanyua kwa nguvu zake zote. Haikupanda.

"Springi ni mpya," alinong'ona. "Haijachoka hii. Hapa amekaa mtu."

Akaanza kusoma Ayatul Kursi, akirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Naogopa kama mtu mwingine yeyote, sikatai. Ila kwangu hasira hutangulia, woga unafuata nyuma ukichechemea. Niliingia garini nikashika njia ya nyumbani.

Ngo. Ngo.

Mara mbili, mgongoni mwa kiti changu.

Nikafunga breki. Maige aliponifundisha kuendesha alikuwa akikaa nyuma, eti asitangulie kufa nikiligonga gari. Nikikosea njia, anagonga kiti mara mbili. Hakuna mwingine aliyekuwa anajua jambo hilo.

"Kaka?" nikasema.

Nikageuza kuelekea barabara ya Mwanza. Ngo, ngo. Nikageuza tena, nikaelekea Tinde, njia ya kwenda Kahama mpaka Geita. Kimya. Hakugonga tena.

Hapo simu ikaita. Alikuwa mzee Ndaki.

"Mbuke. Umeunguza nini?"

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia mzee wa Kisukuma akiiacha shikamoo ya mtoto wake hewani.

"Usimpakie mtu kwenye hilo gari," alisema. "Lilete kwangu kesho nilifunge upya. Lisipolala kwangu, utalala wewe."

"Nitalileta," nikamjibu. "Nisubiri hapohapo kwenye duara."

Nilimwambia kaka angoje mpaka kesho, nikarudi nyumbani kulala. Kesho yake niliondoka, na gari lilikuwa bado limelala upande wa kushoto. Mama nilimwambia nakwenda Geita kumsalimia baba mdogo. Aliniangalia kwa muda mrefu, akaniambia nifunge kanga vizuri. Nikapita Tinde. Nikapita Isaka katikati ya malori marefu, madereva wananipigia honi na kulicheka gari langu lililokaa chini. Baada ya Kahama vumbi likaanza, tumbo la gari likasugua kila tuta. Shokapu zilivumilia. Salmini alijua kazi yake, na kila nilipoanza kufikiria kurudi nilijikumbusha lile jeneza lenye misumari.

Jua lilikuwa limebaki kidogo tu nilipofika.

Ndaki alisimama peke yake ukingoni mwa duara, amevaa koti jeusi, mkononi ana usinga. Nyuma yake karasha lilikuwa limekwisha kuanza. Ga-ga-ga-ga. Mawe yalikuwa yakinyanyuka kutoka kwenye lundo, moja moja, yakiingia mdomoni mwa mashine. Hakuna mikono. Hakuna mtu.

Nilijikaza nisipige kelele.

"Zima gari," alisema.

"Sizimi."

"Shuka, mwanangu, niachie ufunguo. Huyo si Maige. Ni shetani amejivika tabia zake."

"Kwani nimekuambia kuna mtu humu, baba?"

Usinga ukatulia mkononi.

Kacha. Kiti cha mbele kikainama. Gari likapanda upande wa kushoto, jepesi ghafla.

Ameshuka.

Nyayo zenye tope zikajichapa kwenye vumbi kutoka mlango wa abiria, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye karasha. Roho iliniruka. Nilijiona mjinga wa kutupwa. Kaka yangu alikuwa ametoka kifungoni, na mimi nimemrudisha kwa mikono yangu mwenyewe, nimemsafirisha kama mzigo.

Ndaki akatabasamu. "Wabeja, mwanangu," akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana."

Halafu karasha likazimika.

Sikuwahi kusikia kimya cha namna ile. Jiwe moja lilikuwa hewani, likaanguka. Ndaki aligeuka. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

Nyayo zilikuwa zinarudi. Si za mtu mmoja.

Kacha. Gari likashuka. Kiti kikarudi.

Kacha. Likashuka tena.

Kacha...

Nyuma ya Celica hukaa watu wawili kwa kubanana, na mimi sijui wale walijipanga vipi. Kila kiti kilipoinama gari lilizidi kuzama, mpaka matairi mapya yakagusa fenda. Harufu ya udongo ilinijaa puani na mdomoni. Nyuma ya shingo yangu palikuwa na baridi, baridi ya pumzi iliyotoka chini sana. Wote walikuwemo, shifti nzima. Maige alikuwa amekwenda kuwaita.

"Ingieni," nikasema, na sauti yangu ilitoka bila kutetemeka. "Ingieni wote mkae. Tunaondoka."

Ndaki aliruka mbele ya gari akapiga boneti kwa viganja vyote viwili. "Watu wangu! Nirudishie watu wangu, Mbuke!"

"Watu wako wana mama zao!"

Nikaingiza gia. Sikupunguza. Alijirusha pembeni, usinga wake ukapita chini ya matairi yangu.

Sitasimulia sana safari ya kurudi. Matairi yalisugua fenda njia nzima, shiii, shiii, nami sikuthubutu kuangalia kioo. Kabla ya Kahama, mahali ambapo hata taa haikuwepo, kiti kiligongwa mara mbili. Nikasimama. Kacha. Gari likapanda kidogo. Mbwa wa nyumba iliyo kando ya barabara alianza kulia, kisha akanyamaza kama aliyetambua mtu. Mwingine alishuka ndani ya mji. Mwingine Isaka, karibu na reli. Sikuwafahamu, ila wao walijua kwao. Kila aliyeshuka nilimwambia pole. Nilikuwa ninalia, naendesha.

Kulikucha nikiwa langoni kwetu. Upande wa kushoto tu ndio ulikuwa umelala.

"Kaka, tumefika."

Hakushuka. Nilingoja. Nikamsihi. Kiti hakikutikisika.

Mama alitoka na fagio lake la uani. Hakuuliza nilikolala. Aliliangalia gari, akaangalia lile tairi lililozama, akaweka fagio chini. Akaja akafungua mlango wa abiria.

"Ng'wanane," alisema. "Mwanangu. Ingia ndani, chai ipo."

Kacha.

Gari likapanda. Mama akatangulia kuingia, akiacha nafasi pembeni yake kwenye mlango, nafasi ya kumtosha mtu mwenye mabega mapana.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Siku iliyofuata tulikuta shimo nyuma ya jiko. Dogo, la kupandia mgomba. Kesho yake lilikuwa limefika kiunoni. Sasa hivi ukisimama ukingoni huoni mwisho, na pembeni udongo umelundikwa vizuri, kama anavyoulundika mtu wa kazi. Usiku tunasikia sururu. Salmini ananiambia dereva mmoja wa lori ameona shimo kama hilo Isaka, uani kwa mjane mmoja, na mjane hataki kulizungumzia.

Mama anasema ndiyo kazi pekee Ndaki aliyomwachia kichwani. Sijui. Labda kaka na wenzake wanatafuta njia ya kurudi kule chini. Labda kuna kinachopanda kuja huku, na Maige anakichimbia mlango bila kujua. Usiku mwingine wazo hilo linaninyima usingizi kabisa.

Duara la Ndaki limenyamaza, karasha limeota kutu. Jioni hunipigia simu. Hasemi kitu, anapumua tu, nami namwachia apumue mpaka salio lake liishe. Majirani wanataka shimo lifukiwe. Mchungaji anataka kuja kuliombea. Shangazi amemleta mganga mpaka langoni, amekuja na waya wa shaba na kitambaa cheusi, eti amtulize Maige. Nilichomoka ndani na spana ya magurudumu. Yule mganga alikimbia akaacha kiatu kimoja.

Hakuna atakayemfunga kaka yangu tena. Hata kama ni kwa kunilinda mimi.

Jana jioni nilifunga kidumu cha maji kwenye kamba nikakishusha shimoni, chini, chini zaidi, mpaka kamba ikakaribia kuisha. Sururu ikanyamaza. Nikapiga goti ukingoni.

"Chimba, kaka," nikamwambia. "Safari hii ukipata, ni chako."

Kamba ikavutwa kutoka chini, taratibu. Nilipoipandisha, kidumu kilikuwa kitupu.