Kizibo Alichokitoa Apondi

Siku Irungu alipokutana na Apondi, alikuwa anashinda. Hilo lijulikane mapema, maana yaliyofuata hayakumpa sifa hata kidogo.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwaka wa themanini na sita, soko la Burma limefurika. Nyama zimening'inia, moshi wa makaa unawasha macho, wauza nyanya wanashindana kwa koo. Kando ya kinyozi, wanaume walikuwa wameuzunguka ubao wa drafti utadhani kuna mtu kaanguka. Katikati yao alikaa Irungu, fundi wa injini za lori kutoka mtaa wa Bahati: jinzi imembana, shati la maua liko wazi kifuani, nywele zimetiwa dawa zikajikunja, zinameta mafuta mpaka kola imekata tamaa.

"Mwingine! Nani mwingine anataka kurudi kwao analia?"

"Mimi," ikajibu sauti ya mwanamke.

Duara likafunguka. Alisimama msichana mrefu mwenye blauzi ya njano iliyoinuka mabegani, sketi ya buluu ya kazini, na kikapu ambamo mkia wa samaki ulikuwa unachungulia.

"Dada," alisema Munyoki, mwenye ubao, "hapa si foleni ya sukuma wiki."

"Sukuma nimeshanunua. Sogea."

Walicheza kwa vizibo vya soda, vya Irungu vimelala chali na vya msichana kifudifudi. Sheria ya drafti ni moja tu kubwa: ukiona cha kula, lazima ule, upende usipende. Msichana akasukuma kizibo chake cha kwanza mdomoni mwa Irungu. Irungu akakila. Akasukuma cha pili. Irungu akakila hicho nacho, akajilamba midomo.

"Aisee, unanilisha kama bwana harusi!"

"Kula, kula. Ushibe vizuri."

Kisha kizibo kimoja cha msichana, ambacho hakuna aliyekuwa akikitazama, kikaruka. Ta! Ta! Ta! Kilipotua upande wa pili, ngome ya Irungu ilikuwa imebaki mapengo.

"Haya, nawa mikono," akasema msichana, akainuka na kikapu chake.

Burma nzima ilicheka. Hata muuza matumbo alicheka, na yule hakuwa mtu wa kucheka. Irungu alijua ana njia mbili: aone haya, au abebe kikapu. Akabeba kikapu.

Njiani kuelekea kwao msichana, mtaa wa Kaloleni, akaambiwa kwamba jina ni Apondi, kwamba anapokea na kuunganisha simu katika kiwanda cha nguo, na kwamba baba yake, Mzee Okumu, mstaafu wa reli, alimfundisha drafti kabla hajajua kusoma.

"Shida yako unaona kizibo," Apondi alimwambia. "Mimi naona ubao."

"Sasa hivi namwona Apondi."

"Ndiyo hayo hayo."

Tangu wiki hiyo, simu ya kiwanda haikupata amani.

"Halo, kiwanda cha nguo, nikuunganishe na nani?"

"Niunganishe na wewe, mpenzi."

"Huyo ana shughuli. Acha ujumbe."

"Mwambie nimeona wingu limekaa kama bata, nikamkumbuka."

"Bata! Irungu, kuna mkurugenzi anasubiri laini!"

Lakini alikuwa anacheka, na Irungu akamsikia.

Hivyo ndivyo walivyokuwa. Irungu alikuwa mtu wa vitu vidogo. Alijua ni mama yupi wa mtaa wa Jericho hukaanga mihogo ikapasuka vizuri, na ni saa gani jua hupita kwenye nguo zilizoanikwa Makongeni likazigeuza bendera. Apondi alikuwa mtu wa mbali. Alisoma uhasibu masomo ya jioni. Alikuwa na habari za viwanja vya Kayole, ambako wakati huo kulikuwa vumbi na mawe ya msingi tu.

"Tukifika miaka arobaini," angeanza kusema.

"Apondi wangu, mahindi yanapoa."

Walifaana, ingawa kila mmoja alidhani ndiye anayemvumilia mwenzake.

Mambo yakaharibika kwa habari njema. Mwajiri wa Irungu alimchagua, peke yake katika gereji yote, aende Mombasa mwaka mzima kusomea injini kubwa za dizeli, za meli na za malori. Irungu akakimbilia kibanda cha simu na mafuta ya grisi bado mikononi. Alikuwa amejipangia kila kitu: atamwambia, Apondi atanyamaza, sauti itatetemeka kidogo, atasema usiende. Hapo yeye atambembeleza.

"Apondi, wananipeleka Mombasa. Mwaka mz—"

"Nenda."

"Sijamaliza."

"Nimeelewa. Nenda! Ukirudi una cheti, utakuwa fundi mkuu, hakuna mtu atakayekulaza tena chini ya lori. Lini?"

"Hutaki hata kufikiri?"

"Nimeshafikiri."

"Sekunde ngapi hizo? Mimi ni mtu, Apondi, si kizibo. Unanitoa hivi hivi niliwe?"

"Irungu, hebu tazama mbali kidogo."

"Nimetazama. Sijioni huko."

Akaikata simu. Apondi alipopiga gereji, alijibiwa kwamba Irungu yuko chini ya lori. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Chini ya lori.

"Mwambieni basi atoke apate jua," alisema mara ya mwisho, na safari hii sauti ilitetemeka kweli, ila aliyeisikia alikuwa karani wa vipuri.

Sasa ikabaki wiki moja Irungu apande treni. Alijijua vizuri: akiondoka amenuna, hataandika, na Apondi hataomba. Mwaka wa kimya ungewamaliza. Alijua hivyo, akaendelea kununa, kwa sababu kununa ndiko kulikokuwa karibu.

Jumamosi hiyo ilikuwa fainali ya drafti ya mitaa, katika ukumbi wa Kaloleni. Kaloleni ilimleta Apondi, wa kwanza kati ya wanawake kufika hapo. Mtaa wa Huruma ulimleta Dubow, mchuuzi wa mbuzi katika soko la Kiamaiko, mrefu, mpole, kofia nyeupe, hajawahi kushindwa drafti. Irungu alijiambia anapita tu. Akapita mpaka dirishani, akapanda juu ya kreti la soda.

Kutoka pale aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona akiwa amekaa mbele ya Apondi. Huko nyuma alikuwa akitazama vizibo, hasa vile anavyokaribia kula. Sasa aliuona uso.

Mchezo ulikaza. Apondi akashika kizibo kimoja cha pembeni, kilichokuwa kimemlindia nyumba tangu mwanzo. Hakukisukuma upesi. Alikikandamiza kwa kidole, akauma mdomo wa chini, macho yakamlowa kidogo, kisha akakitoa kiliwe.

"Aaa!" ukumbi ukanguruma. "Mwanamke amechoka! Mrudisheni jikoni!"

Hata Dubow alisita. "Dada, una hakika?"

"Kula, ndugu yangu. Ni sheria."

Juu ya kreti, Irungu akashika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Kumbe kutoa kunamuuma. Kumbe siku zote kulikuwa kunamuuma, na yeye, mla vizibo, hakuwahi kuinua macho aone. Yale "nenda" ya haraka kwenye simu yalikuwa ya mtu anayefumba macho adungwe sindano.

"Nyamazeni!" akapayuka kutoka dirishani. "Nyamazeni, wapumbavu nyinyi! Anashinda!"

Vichwa vyote viligeuka isipokuwa kimoja. Apondi hakugeuka, ila masikio yake yalisikia vizuri sana. Dubow akala. Kizibo cha Apondi kikaruka mara nne, kikafika mwisho, kikawa kingi, yaani mfalme wa ubao. Dubow akahesabu vizibo vyake vilivyobaki, akacheka, akampa mkono.

"Njoo sokoni kwangu," akasema, "tushindane kwa mbuzi."

Ukumbi ukapasuka. Walewale waliomfukuzia jikoni ndio waliomnyanyua mabegani. Kutoka huko juu Apondi akaona nywele zinazometa zikisukumana na umati.

"Nishusheni! Jamani, nishusheni!"

Wakasimama uso kwa uso.

"Umetoka chini ya lori," alisema Apondi.

"Lori limepona. Apondi, nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa. Na mimi pia. Niliona miaka kumi ijayo vizuri sana, nikashindwa kuona siku za katikati. Mwaka ni jioni nyingi, Irungu. Nani atanipigia simu juu ya mawingu?" Akavuta pumzi. "Usiende."

Irungu akasogea karibu. "Rudia."

"Usiende. Nimelisema kwa moyo wangu wote, kwa sababu ni kweli na ulistahili kulisikia. Sasa nenda."

Irungu akacheka mpaka akashika magoti.

"Nitaenda nikiwa mchumba wa mtu. Unanitaka?"

"Sikupigii kelele kwenye simu ya kiwanda bure."

"Hiyo ni ndiyo?" aliuliza Munyoki, aliyekuwa amebanwa katikati yao na ubao kichwani.

"Ndiyo!" wakajibu wote wawili.

Katikati ya wiki Irungu aliwapeleka mama yake na wajomba wawili kwa Mzee Okumu. Mzee alisikiliza, akamgeukia bintiye.

"Kijana ambaye kwao ni Murang'a. Drafti anajua?"

"Vibaya, baba."

"Basi hana kiburi cha kutusumbua. Karibuni chai."

Jumamosi iliyofuata, jioni, treni ya Mombasa ilianza kuvuta. Apondi, mtu wa mbali, alikimbia kando ya behewa akishika kitambaa cha kichwa.

"Ukiumwa tumbo usile kachumbari ya barabarani! Soksi nyeusi ziko chini! Na ule ndizi kabla hazijaiva sana!"

Irungu, mtu wa vitu vidogo, alikuwa amejitoa dirishani nusu ya mwili, anapunga mikono yote miwili.

"Watoto wanne!" alipaza sauti. "Wa kwanza tutampa jina la baba yangu! Wa pili la baba yako! Na tukizeeka tutakuwa na veranda, Apondi, veranda ya kuzunguka nyumba nzima!"

Abiria wakapiga makofi, na Apondi akakimbia mpaka jukwaa likaisha.