Mchanga Mlangoni mwa Stoo B

Dumu la mafuta ya taa lilikutwa mtaroni, ndani ya uzio. Ndani, si nje! Mpelelezi alilinusa, akaguna. Kumbe moto uliokuwa ukiteketeza pori uliwashwa na mtu wa humuhumu kiwandani. Kabla hajamhoji mtu, upepo ukageuka, stoo A ikashika moto, na moshi wa njano ukaanza kutambaa uani. Zimamoto wakatoa amri: kila mtu aingie ofisi iliyo karibu naye, madirisha yafungwe, matambara yaliyolowa yazibe chini ya mlango, na asitoke mtu mpaka king'ora kilie.

Wakajikuta wanne katika ofisi moja: mpelelezi mwenyewe, meneja, mama mtunza stoo na mlinzi. Joto lile, we acha tu! Hata kukohoa waliogopa.

Redio ikakoroma. Alikuwa mdogo wake mpelelezi, kiongozi wa kikosi cha zimamoto.

"Dada, moto unaelekea stoo B, na mlangoni hakuna kibao cha hatari. Waulize, mle mna nini?"

"Magunia matupu," meneja akadakia. "Yaacheni yaungue."

"Nyuma yake kuna nyumba za watu, bwana. Tunaunganisha mipira, tunamwaga maji."

Mpelelezi akaukumbuka mlango ule. Sheria inataka kibao kwenye kila stoo ya kemikali kwa sababu zipo zinazolipuka zikiguswa na maji. Na mlango wa stoo B, aliuona mwenyewe, una matundu manne mapya ya skrubu. Kibao kilikuwepo, kimeng'olewa. Na mdogo wake ndiye angesimama pale mbele.

Akamgeukia mlinzi. "Wewe unavuta sigara."

"Navuta, ndiyo. Lakini sigara haihitaji dumu zima, mama!"

"Na mafuta ya taa nani anayatoa?"

"Mimi," mama mtunza stoo akajibu, kijasho kikimtiririka. "Ila leo asubuhi nilikuta stoo A, yanamokaa mafuta, iko wazi. Ufunguo wake ninao mimi na bosi. Wa stoo B anao bosi peke yake."

"Msinibambikie kesi," meneja akafoka. "Tangu asubuhi niko kwenye simu, sijatia mguu nje."

Mpelelezi akamtazama miguuni. Alipokuwa akipita uani aliona watu wakimwagia maji kila kitu, hata matairi ya gari. Stoo B tu ndiyo iliyorundikiwa mchanga mkavu kizingitini, na ndoo ya maji imesimama kando, imejaa, haijaguswa. Aliyeuleta mchanga ule aliyaogopa maji.

"Bosi," akasema polepole, "kunjua pindo la suruali yako."

"Unanivunjia heshima!"

"Kunjua!"

Mlinzi hakungoja. Aliinama akalivuta pindo, na mchanga ukamwagika sakafuni, mweupe, uleule wa kizingitini.

Redio ikalia tena. "Dada, mipira iko tayari."

"Ngoja!" Akamshika meneja ukosi. "Yule ni mtoto wa mama yangu. Mle mna nini?"

Meneja akatazama mlango, akatazama madirisha. Pa kukimbilia hapakuwepo.

"Mawe ya gesi," akanong'ona. "Yale ya mafundi wa kuchomelea. Mapipa tele. Wasimwage maji, tutakwisha sote!"

Mpelelezi alipiga kelele redioni mpaka sauti ikamkauka. Redio ikakoroma: "Tumefunga maji, Dada. Tunatumia mchanga. Nyumba za nyuma tunazihamisha." Akakaa chini akalia, wala hakuona haya.

Meneja akaeleza yote, kichwa chini. Kesho mkaguzi angekuja. Mapipa hayakuwa na kibali, ndiyo maana aling'oa kibao. Na nyasi za ukanda wa kinga, ule wa kuzuia moto kando ya uzio, zilikuwa hazijafyekwa. Kuchoma ni marufuku wakati wa kiangazi, lakini alidhani akichoma kidogo tu atapata ukanda msafi; upepo ukaupeleka moto porini.

"Umewasha moto ili ufaulu ukaguzi wa kuzuia moto," mpelelezi akasema. "Looh!"

Mama mtunza stoo alikuwa bado anamkodolea macho bosi wake.

"Masika yaliyopita paa la stoo B lilivuja," akasema. "Nilikuomba mabati. Ukaniambia magunia hayaozi."

"Nakumbuka. Usiku ule sikupata usingizi nyumbani kwa kuyawaza mapipa na maji yale."

"Sisi tulikuwa zamu hapahapa," mama akasema.

Meneja akautazama tena mlango. King'ora kilikuwa bado hakijalia.